Furu wa Ghuba ya Mwanza: kilo zimerudi, aina ziko wapi?

Mchuuzi wa samaki jijini Mwanza akisema "furu", kwa neno hilo moja ametaja mamia ya aina. Ziwa Victoria lilikadiriwa kuwa na aina zipatazo 500 za samaki hao wadogo, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Ugumu wa kuwahifadhi unaanzia hapo: hesabu za uvuvi huwapima kwa kilo, na kilo haisemi ni furu yupi.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, aina kwa aina na kina kwa kina. Waliwahi. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla ghubani katikati ya miaka ya 1980, na furu wakawa hawaonekani tena kwenye nyavu. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi ziliangamia ziwani kote, au zikawa adimu mno. Bila madaftari yale ya mwanzo, tusingejua hata kilichopotea.

Sangara alipovuliwa sana, miaka ya 1990, furu walianza kurudi. Ilikuwa habari njema, ila waliorudi kwa wingi ni wa aina chache. Nyavu zinaweza kujaa huku orodha ikiwa fupi.

Tumchukue furu mmoja mwenye jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la nyererei mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu. Dume la ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni la buluu. Majike huchagua kwa rangi. Kwenye miamba ya kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, kila aina imebaki na wake. Luanso, ndani zaidi ya ghuba, maji ni machafu kiasi kwamba rangi hazitofautiki vizuri. Samaki hao wamechanganyika, na mpaka kati yao umefutika. Hapo hakuna cha kumlaumu sangara, wala kokoro.

Ndiyo maana tunaona kuwa kukamata nyavu haramu, kazi ya lazima, hakutoshi. Hata Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyotangazwa mwaka 2013, haiwezi kuzuia kwa mipaka yake udongo unaosombwa kutoka mashambani, wala majitaka yanayorutubisha mwani. Suala la furu ni la mkulima wa mlimani na la wapangaji wa jiji, si la maofisa wa uvuvi peke yao.

Kinachohitajika ni kurudi kwenye miamba ileile mara kwa mara. Kupima uangavu wa maji ni rahisi: sahani nyeupe na kamba vinatosha. Kumtambua furu ndiko kazi, kwa sababu rangi za dume hufifia mara anapokufa, na anayejua kuwatofautisha lazima awepo mtumbwini samaki angali hai.