Msinikatie Sentensi

Kila anayeanza kujifunza Kiholanzi hapa Uholanzi hupewa ushauri uleule: soma vitabu vya watoto, anza na Jip en Janneke. Mimi niliambiwa hivyo na mwalimu, na jirani, na mhudumu wa maktaba. Nikatii mwaka mzima, nikiwa na umri wa miaka 41. Ni ushauri mbaya.

Sina ugomvi na Annie M.G. Schmidt. Hadithi zake za mvulana na msichana majirani, zilizoanza kutoka katika gazeti la Het Parool mwaka 1952, zimeandikwa vizuri, na hadi leo Mholanzi akitaka kutaja lugha nyepesi husema jip-en-janneketaal. Lakini mwanasesere hakuandikii barua.

Barua niliyopata mimi ilitoka kwa mwenye nyumba. Ilianza: Hierbij zeggen wij. Zeggen nalijua, ni kusema. Basi wanasema jambo kuhusu mkataba wangu, nikaiweka juu ya friji. Kumbe Kiholanzi kina vitenzi vinavyokatwa vipande viwili: kimoja hukaa mwanzoni, kingine hutupwa mwisho kabisa wa sentensi. Mistari mitatu chini, kabla tu ya nukta, palikuwa na op. Opzeggen si kusema. Ni kuvunja mkataba. Barua ilikaa juu ya friji siku kumi. Tulihama Februari, mimi na watoto.

Vitenzi hivyo nilikuwa nimefundishwa, orodha ninayo daftarini. Sikuwa nimewahi kukutana na sentensi ndefu kiasi kile. Na hapo ndipo ninapoilaumu rafu ya pili maktabani, ile ya vitabu vilivyorahisishwa kwa ajili yetu wageni, vyenye alama za A1 na A2. Humo kila sentensi imefupishwa ili kipande cha pili kisipotee mbali na cha kwanza. Wahusika wananunua mkate, wanakwenda kwa daktari, wanamsalimu jirani. Hawadaiwi, hawampendi mtu asiyewafaa, hawagombani na ndugu juu ya urithi. Utadhani tuliovuka bahari tuliacha akili uwanja wa ndege. Halafu sheria iliyoanza kazi 2022 inatutaka tufike B1.

Najua nitatajiwa Kader Abdolah, mkimbizi kutoka Iran aliyefika hapa 1988, akajifunza kwa Jip en Janneke na sasa ni mwandishi mkubwa wa Kiholanzi. Sawa. Lakini alifika akiwa tayari mwandishi kwa Kifarsi. Alisoma kama fundi cherehani anayepindua gauni la fundi mwenzake atazame mishono. Wengi wetu tunatafuta nguo ya kuvaa.

Na sisi wenyewe, mgeni akija Tanga kujifunza Kiswahili, nani atamfungia mwaka mzima na Sungura na Fisi? Atasoma kurasa za michezo abishane juu ya Simba na Yanga, na akikosea atachekwa, atarudia.

Nilichokuja kusoma hakuna aliyenishauri. Kwanza Allerhande, jarida la mapishi linalotolewa bure katika maduka ya Albert Heijn. Limejaa vitenzi vilivyokatwa: giet de aardappelen af, yaani mwaga maji uliyochemshia viazi. Kazi yenyewe naijua tangu utotoni, kwa hiyo hiyo af ya mwisho nilikuwa naingoja kabla sijaifikia. (Mapishi yenyewe hayana chumvi ya kutosha, lakini hilo ni jambo jingine.) Kisha nikahamia matangazo ya vifo gazetini. Watu waliofiwa hawaandiki kwa kiwango cha A2. Nilikuwa na siku nasoma tangazo moja mara nne, kwa sababu nilitaka kujua huyo mama alikuwa nani kwao.

Juzi kijana aliyefika karibuni kutoka Bujumbura aliniomba kitabu cha kuanzia. Nilimpa Allerhande mbili na nakala ya barua ile, nikamwambia atafute op iko wapi.