Mambo ya Nyumbani: Godoro la Shangazi

Mwishoni mwa mwaka 2019, watu wa upande wa Oicha walipokuwa wakikimbilia Beni kwa ajili ya mauaji, shangazi yangu alifika mlangoni petu wakati wa jioni, na godoro lake kichwani. Mbuzi wake aliwaacha, sufuria aliziacha, bali godoro hakuliacha. Nilipomtua nikashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Asubuhi nikaifahamu sababu: lilikuwa limekwisha kabisa, katikati limebonyea kama bakuli, na mwenyewe hakuweza kuinuka ila kwa kushikwa mikono.

Nikamwambia, “Shangazi, tutakutafutia jingine.”

Akajibu, “Mwanangu, fedha utaitoa wapi? Mko tisa humu ndani.”

Alisema kweli, mshahara wa mwalimu mwaujua. Ndipo nilipoanza kutafuta njia ya kumfanyia godoro kwa vipande.

Kwanza yafaa tujue sponji ni kitu gani. Ni dawa mbili za majimaji ambazo zikichanganywa hufura kama unga wa mkate uliotiwa chachu, kwa sababu ya hewa izaliwayo ndani yake. Zikigandamana hubaki vitundu visivyo na hesabu. Mjerumani Otto Bayer na wenzake ndio waliovumbua asili yake mwaka 1937. Sasa, katika sponji moja watengenezaji hutia dawa nyingi, katika nyingine hutia kidogo na hewa nyingi, na kwa macho huwezi kuzipambanua. Mizani huzipambanua. Mnunuzi mmoja wa kakao aliniruhusu kutumia yake. Alicheka sana, lakini alipima. Godoro la shangazi, lenye urefu wa sentimita 190, upana 90 na kimo 10, lilikuwa kilo mbili na nusu tu. Pigeni hesabu: meta moja ya ujazo ya sponji ile haifiki kilo 15. Sponji ya kumchukua mtu mzima miaka mingi yataka kilo 25 au 30 kwa meta ya ujazo, maana yake godoro kama lile lingefika kilo tano. Tangu siku ile sinunui sponji bila kuipima. Lakini msichanganye uzito na ugumu: iko sponji nzito iliyo laini, tena iko nyepesi iliyo ngumu kwa mwezi wa kwanza, kisha hulegea.

Kwa fundi wa viti nilipata bamba la sponji ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi, sentimita saba, gumu na zito. Sokoni nikanunua sponji mpya laini, sentimita tano. Godoro la zamani nikalikata mapande matatu. Pande la miguuni, ambalo halijachoka, nikalileta katikati penye nyonga, na lile lililobonyea nikalipeleka miguuni, ambako uzito ni mdogo.

Usiku wa kwanza niliweka gumu juu. Nilidhani mgongo mbovu wataka ugumu. Nasi katika seminari tulilala juu ya mbao na kuambiwa kwamba ni afya. Asubuhi shangazi alisema mabega yamekufa ganzi. Usiku wa pili nikageuza yote, laini na la zamani juu, nikayarundika bila kuangalia, lile lililobonyea likarudi katikati. Akazama. Wasichana wawili walimvuta kama mtu aliyekwama matopeni, naye akacheka mpaka akalia.

Usiku wa tatu tukapanga kwa akili: gumu chini, la zamani katikati kwa mpango wake, laini juu. Hapo nikaona jambo lenyewe. Mtu alalapo ubavu, bega na nyonga humlemea kuliko kiuno. Tabaka la juu lapasa kuliachia bega lizame kidogo, na la chini lapasa kuizuia nyonga isiendelee kuzama, ili uti wa mgongo usipinde. Laini pekee hupinda mgongo, gumu pekee huumiza mifupa. Mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitangaza katika gazeti The Lancet habari za watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi: baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa wastani waliona nafuu kuliko waliolalia gumu. Laiti walimu wangu wangalisoma hayo!

Hata hivyo shangazi alilalamika bado, na mimi nikataka kuilaumu sponji. Mke wangu ndiye aliyeinama akatazama chini ya kitanda: mbao zilikuwa zimeachana hata mkono ukapita kati yake, na sponji ilikuwa ikiingia humo. Tukaongeza mbao nne, nafasi ikabaki vidole vinne tu. Usiku ule alilala mpaka jogoo. Msizibe nafasi zote, kwani hewa isipopita, jasho hukaa chini na godoro hushika ukungu. Na mishumaa, tafadhali, iwe mbali: sponji hushika moto upesi, na moshi wake ni sumu, huua kabla ya ndimi za moto kufika.

Fundi alitaka kuyagandisha matabaka kwa gundi. Shangazi akakataa. “Nikikimbia tena,” alisema, “nitachukua lipi?” Basi mke wangu alishona mfuko mmoja wa kitambaa kigumu wenye vifungo ubavuni, matabaka yakakaa ndani bila gundi, kila moja laweza kukunjwa na kuchukuliwa na mtu wake. Nilipokuwa nikipiga hesabu za kilo, hilo halikunijia.

Mwaka 2021 alikwenda kuishi Butembo kwa binti yake, ambako baridi ni kali kuliko kwetu. Alichukua tabaka laini na la katikati. Lile gumu aliniachia, akisema kwamba ni zito kwa shingo yake. Ndilo ninalolalia sasa, na juu yake nimetandika blanketi mbili nikingoja bei ya sponji laini ishuke.