Usinunue Zailofoni Ukidhani ni Marimba (Mimi Nilinunua)

Wasee, leo sina utani mwingi. Nataka tuongee kuhusu Sh85,000, na hazikuwa zangu.

Vijana wa kwaya yetu tulichanga miezi tisa tununue marimba ya mtumba. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili, huuza mahamri asubuhi, alikuwa analeta mia mbili kila Jumapili bila kukosa. Tulitaka marimba kwa sababu moja tu: besi. Kinanda chetu kilikufa, waimbaji wetu wa besi ni wawili na mmoja hufanya kazi ya usiku. Tulihitaji kitu cha kushika pale chini, chenye sauti nene, kisichofunika waimbaji. Nikatumwa mimi, ati kwa sababu "huyu anajua mambo ya muziki, ako na chaneli."

Nikapata tangazo. Picha safi, vibao vya mbao vya kahawia, mirija inang'aa chini, magurudumu. Nikafika kwa muuzaji. "Hii ni marimba kijana wangu, hutapata nyingine kama hii Nairobi." Nikagongagonga pale katikati, ikalia vizuri. Kuuliza maswali nikaona aibu, si mimi ndiye mtaalamu? Nikatuma pesa, tukapakia kwa pikapu.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikajua. Nilipiga kibao cha mwisho kabisa upande wa kushoto, kile kirefu, huku nimefungua programu ya kupima noti kwa simu. F, ile iliyo juu ya C ya katikati. Yaani noti yake ya chini kabisa ndiyo ile besi wetu huimba akiwa amekaza mishipa ya shingo. Chini ya hapo hakuna kitu. Tulikuwa tumenunua zailofoni. Zailofoni poa sana, lakini zailofoni. Na nikanyamaza wiki tatu.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunikasirikia: muuzaji hakunidanganya sana. Sidhani hata yeye alijua. Huku kwetu kila kitu chenye vibao vya kugonga ni zailofoni, kikiwa kikubwa kinakuwa marimba. Neno lenyewe marimba halisaidii. Ukienda kwa Wagogo Tanzania, marimba ni kile kisanduku cha vijino vya chuma unavyobonyeza kwa vidole gumba. Kuna marimba za mtindo wa Zimbabwe, zilizoanzia chuo cha Kwanongoma kule Bulawayo miaka ya 1960, na hizo kwa kawaida ziko kwa C meja na F# imeongezwa, basi. Wimbo wenu ukiwa kwa E-flati mmekwama. Uganda wako na amadinda, vibao 12 juu ya magogo ya mgomba, watu watatu wanaipiga pamoja na midundo inaingiliana mpaka unashindwa ni mkono wa nani. Naipenda kuliko zote, lakini noti zake hazikupangwa kama za piano. Kwa hivyo jina kwenye tangazo halikuambii chochote. Tunanunua jina kwa sababu tunaogopa kuonekana hatujui.

Sasa, ningefanya nini siku ile?

Kwanza ni chuma au ni mbao. Chuma ni rahisi. Vibao vidogo vya chuma cha pua au cha kawaida, sauti ya juu sana kama kengele, mara nyingi ndani ya mkoba: hiyo ni glokenspili, na ndiyo shule nyingi huuziwa ikiitwa zailofoni. Vibao vipana vya aluminiamu na pedali ya kukanyaga chini: vibrafoni. Pedali ndiyo huachilia sauti iendelee, na nyingi huwa na mota ya kuzungusha visahani juu ya mirija ili sauti iyumbeyumbe. Mota ikiwa imekufa usikimbie, ala bado inapigika. Pedali ikiwa haifanyi kazi, hapo punguza bei sana ama uende nyumbani.

Mbao ndiyo ilinimaliza. Angalia upana. Marimba vibao vyake vya chini ni vipana, halafu vinapungua ukielekea juu. Zailofoni nyingi vibao vinakaribiana upana mwanzo hadi mwisho. Kisha inua kibao kimoja cha chini ukigeuze, na muuzaji akikataa jiulize kwa nini. Cha marimba kimechongwa sana chini mpaka katikati ni kwembamba. Cha zailofoni ni kinene, kigumu. Uchongaji huo ndio hupanga sauti ya pili inayojificha ndani ya noti: marimba huipanga oktava mbili juu ya noti, zailofoni oktava moja na noti tano. Ndiyo maana zailofoni inakata masikio na marimba inakukumbatia. Halafu piga kile cha mwisho kushoto, upime kwa simu. Marimba ya oktava nne na kidogo huanzia A iliyo chini kabisa ya C ya katikati, zaidi ya oktava moja. Dakika mbili tu, na ningeokoa elfu themanini na tano.

Mengine ni ya kawaida. Kamba iliyokatika si shida, ni ya kununua. Kibao chenye ufa ni shida, na ufa hupenda kuanzia kwa tundu la kamba, kwa hivyo piga kila kimoja, usiruke, usikie kama kuna kinachokwaruza au kimekufa. Kibao kilichoshuka sauti fundi anaweza kukipandisha kwa kukwangua ncha, lakini mbao ikishatolewa hairudi. Uliza pia kama imepangwa A 442. Nyingi za okestra ziko hivyo, na ukiziweka kando ya kinanda cha 440 utasikia kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Watu watakuambia utafute rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Sauti yake ni tamu, sibishi. Lakini kwa kwaya inayobeba ala kwa pikapu, mara mvua mara jua, mimi ningechukua vibao vya sintetiki kama Kelon za Musser au Acoustalon za Yamaha. Wapenzi wa mbao mnitukane tu.

Wiki ya nne nikasimama mbele ya kwaya nikasema. Kimya. Mama wa mahamri akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo tuliyonayo inaweza kufanya nini?" Nikampigia kidogo. Akasema ni nzuri ya Krismasi.

Tumeamua kuiuza. Kwenye tangazo nimeandika mwenyewe: zailofoni, oktava tatu na nusu, inaanzia F, kibao kimoja kina ufa. Mpaka sasa watu wawili wamepiga simu. Wote wameuliza bei ya mwisho ya hiyo marimba.