Jasho la Wafanyakazi si Chuma Chakavu

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaodai kuwa injini za mvuke zilizoundwa Uingereza ni masalio ya ukoloni, na kwamba kuzihifadhi ni kumtukuza beberu. Hoja hiyo imevaa joho la kimapinduzi, lakini ndani yake mna kasumba ile ile: kwamba kilichotoka Ulaya ni cha Ulaya daima, hata kikiendeshwa kwa jasho la Mwafrika.

Zitazamwe injini za Garratt za Daraja la 59. Kiwanda cha Beyer Peacock, huko Gorton, Manchester, kiliunda injini 34 za aina hiyo mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na katika reli za upana wa meta moja hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda duniani kote. Boila lilining'inizwa kati ya mitambo miwili ya magurudumu, ili uzito ugawanyike na kona zipitike. Wakoloni hawakuzileta kwa hisani. Shehena ilikuwa imerundikana bandarini Mombasa, na mwinuko wa kwenda Nairobi ulidai nguvu.

Lakini ni nani aliyekesha mbele ya moto wa mafuta mazito? Nani aliyepaka grisi na kukwangua masizi karakanani, huku mishahara ikipangwa kwa rangi ya ngozi? Hao hawakuandikwa ubavuni mwa injini. Yaliandikwa majina ya milima: Kilimanjaro, Meru, Gelai, Shengena.

Dizeli ikazisukuma kando miaka ya 1970. Kati ya 34 zimesalia mbili tu, Gelai na Shengena, milima ya Tanzania yote miwili, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa Nairobi mwaka 1971. Kilimanjaro na Meru zimekwisha kuwa vyuma chakavu.

Na huyo beberu anayeogopwa kutukuzwa? Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966. Hata hivyo Waingereza walisafirisha Garratt moja kutoka Afrika Kusini, wakaihifadhi katika makumbusho mjini Manchester. Wao hawakuona haya kuidai.

Wazee waliozichochea injini hizo wanapungua kila mwaka. Majina yao yakusanywe sasa, yaandikwe kando ya Gelai na Shengena, kwa Kiswahili.