Ogani Bila Kuuliza Udongo ni Jina Tu

Wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo tuambiane ukweli kuhusu hii fasheni ya "ogani".

Kila nikifungua simu, video ni ileile: gunia, sukuma wiki, muziki mtamu, halafu mtu anatangaza, "Hakuna dawa, hakuna mbolea ya dukani, ni ogani kabisa!" Laiki zinamiminika. Na hakuna hata mmoja anayesema udongo wa lile gunia ulitoka wapi.

Basi nauliza mimi: ulitoka wapi?

Manake ogani sio hisia. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai, na alama yake inaitwa Kilimohai. Anayeitaka haambiwi tu aache kemikali. Anaulizwa shamba lilikuwa na nini zamani na jirani anapuliza nini. Akaguliwe na shirika ama na wakulima wenzake, lazima mtu afike shambani aone.

Sasa oneni. Mwaka huohuo wa 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi Owino Uhuru, pale karibu na Mikindani. Kilifungwa 2014, lakini sumu haikufunga virago. Watoto walipatikana na madini ya risasi kwenye damu. Phyllis Omido na wakazi wakapigana mpaka kortini. 2020 korti ya Mombasa ikawapa shilingi bilioni 1.3, tuzo ikatenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha 2024.

Chukua udongo kama ule, panda mchicha, tia samadi, usipulize dawa hata tone. Utaita ogani. Na mtoto atakula risasi vilevile. Risasi haiozi, jua haliimalizi.

Najua mtaniambia, "Sisi tuko mbali na Owino Uhuru." Sawa. Lakini mtaa gani wetu hauna gereji, fundi betri, jaa la taka, ama mtu anayechoma nyaya apate shaba?

Sisemi tusipande. Pandeni! Mboga ya mlangoni inaokoa pesa, na hujui ya sokoni ilipulizwa nini. Ninachokataa ni kuuziana jina. Chota udongo mbali na gereji, barabara kuu na jaa. Changanya mboji kwa wingi. Una shaka? Nyanya na pilipili ni afadhali kuliko mchicha na karoti, kwa sababu majani na mizizi ndiyo hubeba risasi zaidi. Na ukipeleka udongo maabara, itaje risasi kwa jina. Kipimo cha kawaida cha shamba hutafuta asidi na rutuba.

Na kiongozi yeyote atakayekuja mtaani kugawa miche na kupiga picha, muulizeni kipimo cha udongo kiko wapi. Hana? Basi amekuja kupiga picha tu.

Mimi chuo niliacha, lakini hili halihitaji digrii. Mwenye pesa akinunua mboga yenye alama, kuna mtu ameshamuulizia udongo. Sisi wa magunia hatuna wa kutuulizia. Tujiulizie wenyewe, kabla hatujamwekea mtoto sahani.

Haya, wenye magunia: wako ulitoka wapi? Andika hapo chini, nasoma zote.