Ugonjwa wa Sukari: Jina Linaloficha Nusu ya Habari

Si ajabu kumsikia mgonjwa akijitetea, "Sukari niliiacha kitambo, hata chai yangu haina," ilhali mbele yake pana bonge la ugali la kuwatosha watu wawili, na akishakula ataketi hapo hapo hadi wakati wa kulala. Hasemi uongo. Amelitii jina la ugonjwa wake, nalo jina limemwelekeza kwenye kopo la sukari tu.

Mimi ni mwanafasihi wala si tabibu, lakini maelezo ya kitaalamu kuhusu jambo hili hayana utata. Insulini ni homoni itolewayo na kongosho. Tulapo, wanga wa ugali na chapati humeng'enywa ukawa sukari, ikaingia damuni. Insulini huiamuru misuli na ini kuipokea sukari hiyo, na papo hapo huzizuia seli za mafuta kuachilia akiba yake. Anayekula kupita mahitaji yake siku nenda siku rudi hulimbikiza mafuta. Yakishajaa kwenye ini na ndani ya misuli, viungo hivi huanza kuipuuza amri ya insulini. Kongosho huzidisha insulini, mithili ya mzazi apazaye sauti kwa watoto wasiosikia, hadi linapochoka. Hapo ndipo sukari hufurika damuni. Nasaba nayo huchangia. (Nazungumzia aina ya pili ya maradhi haya, katika aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe huangamiza seli zinazotengeneza insulini.)

Mazoezi je? Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka damuni bila kungoja insulini, na baadaye huisikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi. Mafuta nayo huweza kupunguzwa. Katika utafiti wa DiRECT uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2017, asilimia 46 ya wagonjwa wa aina ya pili waliowekwa kwenye mpango maalumu wa lishe, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, walikuwa wameondokewa na kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa za kukidhibiti.

Kuna atakayeniambia kwamba hata istilahi ya kigeni hutaja utamu, kwani mellitus ni neno la Kilatini lihusulo asali. Kweli, lakini mkulima wa Bungoma hajui Kilatini, "sukari" anaijua. Isitoshe, lugha yetu humsifu mwenye kitambi kwa kumwambia amenawiri, na aliyekonda humpa pole. Kongosho, ini, shahamu, misuli: msamiati tunao. Tusichokuwa nacho cha kutosha ni uchunguzi wa jinsi daktari na mgonjwa wanavyoutumia wakutanapo kliniki. Idara zetu na zikubali tasnifu kuhusu mazungumzo hayo kwa uzito uleule zinaoupa ushairi.