Kurunzi za Mwanga Mkali na Macho Yetu

Kumezuka maneno mashambani kwamba kurunzi hizi za LED, zenye mwanga mweupe kama wa mchana, zapofusha watu. Wengine wamekwisha kuzifungia kabatini. Wengine, na hili ndilo baya zaidi, wakiona macho yao yafifia husema, "Ni kurunzi hii," kisha hukaa kitako wakaridhika na jawabu hilo. Kwa kuwa karafuu ni kazi ya macho tangu tawini hadi jamvini, tumeona yafaa tutoe rai yetu wazi kwa wanachama.

Rai yetu ni kuwa kurunzi ina hatari zake, lakini siye mwizi wa macho yetu. Mwizi ni mwengine, na tukimshika asiyeiba, yule mwenyewe ataendelea na kazi yake.

Kwanza tuitazame kurunzi yenyewe. Mwanga mweupe wa LED hutoka katika kipande kidogo chenye nuru ya buluu, kilichofunikwa kwa unga wa manjano. Rangi hizo zikichanganyika, jicho huona weupe. Wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuivumbua LED ya buluu. Ni kweli kwamba nuru ya buluu ikiwa kali mno, na mtu akiikodolea kwa muda mrefu, yaweza kuudhuru utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Lakini jicho limepewa ulinzi wake. Mwanga mkali ukilipiga, kope hufumba na uso hugeuka kwa muda wa kama robo ya sekunde tu. Aliyemulikwa kwa ghafula hutiwa kiwi, akaona doa likielea mbele yake, kisha doa likaondoka. Hilo si upofu.

Mbona basi mwanga huo huumiza zaidi usiku? Sababu ni mboni. Juani mboni hujibana hata ikawa na upana wa kama milimita 2. Gizani hufunguka ikafika milimita 7 au zaidi kwa kijana. Mlango ulio wazi hivyo huingiza mwanga mwingi kwa mara moja. Na jicho lililozoea giza likishapigwa mwanga, huenda likachukua hata nusu saa kurudia hali yake. Hapo ndipo penye hatari ya kweli: mwenye kiwi hukosea ngazi, hutumbukia shimoni, au huingia mbele ya gari.

Kwa hivyo adabu ya kurunzi ni hii. Imulike chini, usimulike mtu usoni. Usiwaachie watoto waishindanie nani ataitazama zaidi, maana macho ya mtoto hupitisha nuru ya buluu kwa wingi kuliko ya mtu mzima. Na vijiti vya leza vinavyouzwa kama vitu vya kuchezea visiingie nyumbani kabisa: leza yenye nguvu huunguza ndani ya jicho kabla kope haijawahi kufumba, na chapa iliyobandikwa juu yake si ya kuaminiwa daima. Jua nalo halitazamwi, hata siku ya kupatwa.

Baada ya kusema hayo, hatuoni sababu ya mtu kuitupa kurunzi yake akarudia kibatari. Kibatari kina moshi unaowasha macho na kuingia kifuani, na mafuta yake yameunguza watoto wengi. Anayeacha kurunzi kwa ajili ya kibatari amekimbia mvua akajitosa kisimani.

Sasa tumtafute mwizi mwenyewe. Twawaomba wanachama watupe macho yao Bara, hata Dodoma na nyanda za kati, ambako wengi wetu tuna watoto wanaosoma na jamaa wanaofanya kazi. Nchi ile ni kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, baina ya Disemba na Aprili, na miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Huko, hasa wilaya ya Kongwa, watu walipoteza macho kwa miaka mingi kabla LED haijafika kijijini. Mwizi wao alikuwa vikope, maradhi yaitwayo pia trakoma.

Vikope huletwa na vijidudu vinavyopita kutoka jicho hata jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi wanaotua katika uso mchafu wa mtoto. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ndani ya kope hufanya makovu. Miaka ikipita kovu huvuta kope ndani, nywele zake zikawa zakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, mpaka kioo kikawa cheupe na mtu haoni tena. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto.

Wenzetu wa Kongwa hawakukaa wakailaumu taa. Pale pale palifanywa jaribio la kuhimiza vijiji viwaoshe watoto nyuso, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995: watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Uso wa mtoto huoshwa kwa maji machache, nao watu wale walikuwa wakiyafuata maji mbali. Leo njia inayofuatwa ulimwenguni juu ya maradhi haya ina mambo manne: kupasua kope zilizogeuka, kugawa dawa, kuosha nyuso, na kusafisha mazingira pamoja na kupata maji na vyoo.

Sisi visiwani tuna mvua na mikarafuu, na wezi wetu si lazima wawe wale wale. Lakini funzo ni moja: ijulikane kwanza sababu, ndipo dawa ifuate. Mzee anayeona ukungu, na taa zikimtawanyikia, huenda ana mtoto wa jicho, ambao ndio sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Huo hutolewa kwa upasuaji mfupi, na mtu akaona. Akikaa miaka mitano akiilaumu kurunzi, amejifungia mwenyewe gizani. Mwengine ana presha ya macho, ambayo huiba kidogo kidogo kutoka pembeni bila maumivu, na ilichokwisha kukichukua hakirudi. Huyo kila mwezi anaokawia ni hasara isiyolipika.

Tena kuna mambo ya shamba. Mchumaji akichomwa na kijiti machoni, asitiwe majani, wala mkojo, wala maziwa. Apelekwe hospitali siku ile ile. Uchunguzi juu ya watoto wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho, uliochapishwa mwaka 1987, ulizitaja dawa za kienyeji kuwa miongoni mwa sababu, pamoja na surua na upungufu wa vitamini A. Basi chanjo ya surua, na papai, embe na mchicha katika sahani ya mtoto, ni ulinzi wa macho uliopo uani kwetu.

Na wale waliopita miaka 40, ambao wakichambua karafuu hunyoosha mkono ili wapate kuliona konyo, hawakuharibiwa na taa yoyote. Ni umri tu, na dawa yake ni miwani ya karibu. Huko Assam, India, wachuma chai 751 wa umri huo walifanyiwa jaribio lililotangazwa mwaka 2018. Waliopewa miwani walizidi kuchuma, na ziada yao iliwapita wenzao wasiopewa kwa kama asilimia 22. Mkulima anayelalamikia bei ya karafuu na ajiulize ni pishi ngapi anazozipoteza kwa kukosa miwani.

Twashauri mambo mawili. La kwanza, kila tawi la Chama liwaombe waganga wa macho waje kuwapima wanachama kabla ya msimu wa uchumaji, wachambuzi wanawake wakitangulizwa, maana kazi ya jamvini ni yao. La pili, asiwepo mwanachama atakayekaa na jicho linalofifia kwa sababu ameambiwa ni kurunzi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwenye kuyapachika maradhi jina lisilo lake hayuko mbali na mwenye kuyaficha.

Kurunzi na iendelee kutumulikia njia. Macho na yapelekwe kwa mganga.